Sini Isiyokaa: Namna ya Kuitazama, Kuihariri na Kuiandikia Tafakuri

Wanafunzi wa filamu huniuliza jambo moja kwa sura mbili. Mmoja anasema: "Nimerekodi sini yangu, nimeihariri, lakini haikai. Inarukaruka na sijui kwa nini." Mwingine anasema: "Sini nimeimaliza, sasa mwalimu anataka tafakuri. Niandike nini?" Nawajibu wote wawili pamoja kwa kuwa kazi yao ni ileile. Ukijua kwa nini mkato fulani unamsumbua mtazamaji, na ukaufuatilia hadi kwenye uamuzi mliofanya siku ya kurekodi, umepata dawa ya sini na umepata cha kuandika.

Habari za kamera ipi ni bora nitaziacha. Simu uliyonayo inatosha. Karibu makosa yote nitakayoyataja hapa yangetokea vilevile hata kama mngekodi kamera ya sinema.

## Sini ninayoitumia kama mfano

Mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mbele ya mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Basi. Zoezi hili lilitumika kwa miaka kama kazi ya matayarisho ya wanafunzi wa Media Studies huko Uingereza, na nalipendekeza kwa yeyote anayeanza, awe Bagamoyo au Nairobi, kwa sababu halihitaji pesa na halina pa kujificha. Linapima mambo matatu:

- Mwendelezo wa kitendo. Mkono ulioanza kushika kitasa kwenye shoti ya mbali umalizie kukizungusha kwenye shoti ya karibu, na mtazamaji asishtuke.
- Shoti na jibu lake. Tunamwona anayesema, tunamwona anayesikiliza, na tunaamini kwamba wanatazamana.
- Mstari wa digrii 180. Chora mstari wa kufikirika kati ya wahusika wawili. Kamera ikae upande mmoja wa mstari huo. Ikivuka, wahusika wataonekana wote wanatazama upande mmoja, kama abiria wa daladala.

## Kabla ya kukata chochote

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na hasara yake huonekana mwishoni.

1. Nakili kwanza. Weka picha zote sehemu tatu: kompyuta, diski ya nje, na nakala moja inayolala nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usifute kadi wala simu mpaka umefungua faili kadhaa kwenye kila nakala na kuona zinacheza.
2. Tazama kila kitu, hata teki mbovu. Tazama pia zile sekunde kabla mwongozaji hajasema "anza" na baada ya kusema "kata". Mara nyingi mwigizaji hupumua kwa ukweli zaidi pale anapodhani kamera imezimwa, na pumzi hiyo inaweza kuziba pengo kwenye mazungumzo.
3. Andika unachokiona. Ulichokusudia kiache kando kwa sasa. "Anatazama chini, anachelewa kujibu" ni maelezo ya kufaa. "Teki nzuri" hayatakusaidia ukirudi wiki ijayo.

Najua pingamizi: "Nilikuwepo siku nzima, kwa nini nitazame tena?" Kwa sababu ulikuwepo. Unakumbuka jua lilivyowachoma, mwigizaji alivyochelewa, ile shoti iliyowachukua saa nzima kuipata. Mtazamaji hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana fremu tu. Walter Murch, mhariri wa *The Conversation* na *Apocalypse Now*, anaeleza katika kitabu chake *In the Blink of an Eye* kwamba mhariri ajitahidi kuona kilichomo ndani ya fremu pekee, asishawishiwe na yaliyotokea nje yake. Kwa mwanafunzi aliyeandika, akaongoza na sasa anahariri mwenyewe, ushauri huo ni mgumu kuliko wote. Pumzika siku kadhaa kati ya kurekodi na kuhariri. Kama kuna mwenzako ambaye hakuwepo lokesheni, mkalishe pembeni mnapotazama mara ya kwanza.

## Jedwali la mikato

Hiki ndicho chombo ninachokiamini zaidi. Ukishapata mkato wa kwanza wa sini nzima, hata kama ni mbovu, chukua daftari na uupitie sekunde kwa sekunde. Kila mahali jicho lako linaposhtuka, simamisha, ujaze mambo manne: muda, kinachoonekana, chanzo, na dawa. Kwa ile sini ya mlango, jedwali linaweza kuwa hivi:

- Sekunde ya 6. Shoti ya mbali anashika kitasa kwa mkono wa kulia. Shoti ya karibu ni wa kushoto. *Chanzo:* hakuna aliyepewa kazi ya kufuatilia mwendelezo. *Dawa sasa:* tafuta teki nyingine, au kata mapema kabla mkono haujaonekana. *Dawa ya kesho:* mtu mmoja apige picha ya mwisho wa kila teki kwa simu.
- Sekunde ya 11. Anaonekana kuruka kidogo chumbani. *Chanzo:* shoti mbili zilizofuatana zina ukubwa unaokaribiana na pembe inayokaribiana. *Dawa:* ondoa moja. Kesho, kila unapohamisha kamera kwa mtu yuleyule, isogeze angalau digrii 30 kumzunguka, au badilisha ukubwa wa picha waziwazi.
- Sekunde ya 19. Wahusika wote wawili wanatazama kulia. *Chanzo:* kamera ilivuka mstari ili kulikwepa dirisha. *Dawa:* ziko tatu, nazieleza hapa chini kwenye makosa.

Angalia hiyo safu ya chanzo. Haisemi "uzembe" wala "hatukuwa na muda". Inataja jambo lililofanyika au lisilofanyika, na mtu anaweza kulibadilisha. Ukiandika "changamoto za kiufundi", rudi ujaribu tena, hujafika.

## Makosa ninayoyaona tena na tena

Kitendo kimerekodiwa nusunusu. Shoti ya mbali inaishia anapofika mlangoni, ya karibu inaanzia kitasa kikiwa tayari kimezungushwa. Mhariri hana pa kukatia. Rekodi kitendo kizima kwenye kila shoti, tangu hatua mbili kabla ya mlango hadi hatua mbili baada yake. Kisha kata mwendo ukiwa umeshaanza, usisubiri utulie, kwa sababu jicho la mtazamaji likifuata mwendo haliuoni mkato.

Mstari umevukwa. Ukigundua ukiwa mezani, una njia tatu. Weka katikati shoti iliyopigwa juu ya mstari wenyewe, yaani mhusika akitazama karibu moja kwa moja kamerani. Weka shoti ya kitu kingine, kama kikombe au mikono, ili mtazamaji apoteze mwelekeo kidogo na kuupata upya. Au igeuze picha kulia kushoto. Hii ya tatu ina hatari zake: maandishi ya kanga yatasomeka kinyume, vifungo vya shati vitahamia upande wa pili, saa itahama mkono. Chunguza fremu nzima kabla hujafurahi.

Uso umezama gizani. Hili linatuhusu sana. Simu ikiona ukuta mweupe au kanzu nyeupe, hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso mweusi unapoteza maumbo yake yote. Pima mwanga kwa uso, ukuta uungue kidogo kama lazima. Bora zaidi, msogeze mwigizaji mbali na ukuta na umgeuze ili mwanga wa dirisha umguse ubavuni. Uso uliofichwa na giza huwezi kuuokoa vizuri kwenye kuhariri. Ukiupandisha mwanga unaleta chengachenga.

Mwanga unabadilika wenyewe. Mlango unafunguliwa, mwanga wa nje unaingia, simu inajirekebisha katikati ya shoti. Kwenye simu nyingi ukibonyeza uso kwenye skrini na kushikilia, kipimo cha mwanga na fokasi vinafungwa. Fanya hivyo kwenye kila teki.

Taa zinapepesa. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Chini ya taa nyingi za ndani, rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50. Programu ya kamera iliyokuja na simu inaweza kukunyima uhuru huo. Zipo nyingine zinazokuruhusu kuchagua.

Jua limehama. Karibu na ikweta, jua la saa sita linakuwa utosini na kuzijaza soketi za macho kivuli. Jioni nayo giza linaingia haraka. Ukipiga shoti ya chumba kizima saa tatu asubuhi na nyuso saa nane mchana, hakuna programu itakayozioanisha kikamilifu. Maliza kwanza shoti zote zinazotazama dirishani, ndipo mgeuze kamera.

## Sauti, sauti, sauti

Mtazamaji anasamehe picha yenye chengachenga. Maneno asiyoyasikia hasamehi. Kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kabla ya teki ya kwanza, wote nyamazeni msikilize chumba. Mtasikia feni. Mtasikia friji ya chumba cha pili. Mtasikia bodaboda, jogoo, fundi wa jirani, jenereta. Kila mlio una dawa yake:

- Feni inazimwa, hata kama kuna joto. Iwashwe kati ya teki.
- Friji inazimwa pia. Weka funguo zako ndani yake, ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Chakula cha mwenye nyumba kisiharibike kwa ajili ya filamu yako.
- Adhana inajulikana saa zake. Ipangeni kwenye ratiba, iwe ndiyo mapumziko.
- Mvua juu ya mabati haina dawa. Kuwe na siku ya akiba.

Kisha rekodi hivi:

1. Maiki iwe karibu na mdomo kadiri fremu inavyoruhusu. Kama huna maiki, tumia simu ya pili kama kinasa sauti. Ifiche nyuma ya sahani mezani au mfukoni mwa shati.
2. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila teki. Kofi linaloonekana na kusikika ndilo litakalokuwezesha kuoanisha picha na sauti mezani.
3. Kabla ya kuondoka, rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wote wakiwemo, vifaa vikiwa vilevile. Dakika hiyo utaitandaza chini ya mazungumzo, na kila unapokata hakutakuwa na shimo la ukimya.

Wengi hunikatiza kwenye namba ya tatu: "Ukimya nitaupakua mtandaoni." Utaupakua, lakini utakuwa wa chumba kingine, na masikio yatatambua ukibadilika kila baada ya neno.

Kuna tatizo jingine linalowatesa watumiaji wa simu: sauti inaanza sawa na midomo, kisha inaachana nayo polepole. Sababu yake kwa kawaida ni kwamba simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka, huku programu ya kuhariri ikitarajia idadi moja isiyobadilika. Pitisha klipu zako kwanza kwenye programu ya HandBrake, ambayo ni ya bure, uchague idadi thabiti ya fremu, kisha ndipo uhariri.

Na kama siku imeharibika kabisa na sauti haifai? Fikiria upya sini badala ya kulazimisha. Ousmane Sembène alipotengeneza *Borom Sarret* mwaka 1963, filamu fupi kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar, sauti haikunaswa pamoja na picha. Iliwekwa baadaye, na mawazo ya yule mwanamume yanasikika juu ya safari zake. Ni moja ya filamu za mwanzo za Afrika kusini mwa Sahara kuongozwa na Mwafrika, na bado inafundishwa. Mazungumzo yako mawili matatu yanaweza kugeuzwa kuwa mawazo ya anayesubiri kitini, akitazama mlango ukifunguka. Huenda sini ikawa bora.

## Kukata

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa kazi yote hii kama kompyuta yako ina nguvu. Kama haina, hariri kwa programu ya simu. Mpangilio ndio muhimu:

1. Panga mazungumzo kwanza kwa sauti tu. Funga macho usikilize. Yakikaa masikioni, picha zitafuata.
2. Weka shoti ndefu ya chumba kizima, kisha ingiza za karibu pale tu ambapo kuna jipya la kuonyesha.
3. Mara kwa mara, mwonyeshe anayesikiliza wakati mwenzake bado anasema. Wanafunzi wengi hukata kila mara mdomo unapobadilika, na sini inakuwa mchezo wa tenisi.
4. Sauti ya mlango iingie kabla ya picha ya mlango. Nusu sekunde inatosha, na mkato unalainika.
5. Tazama bila sauti. Tazama tena kesho yake.
6. Mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi. Usimweleze lolote. Mwulize: nini kimetokea, wapi umechoka, wapi umechanganyikiwa. Akisema kitu, andika, usijitetee.

Kuhusu kuchagua teki, wengi hukwama hapa: uso wa kweli uko kwenye teki ambayo kikombe kimehama, na kikombe kiko sawa kwenye teki ambayo uso umekufa. Murch ana vigezo sita vya mkato mzuri, na ameviwekea uzito: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na mwendelezo wa nafasi ya chumba uko mwisho kabisa kwa asilimia 4. Mimi nachagua uso. Utaniambia kwamba mwalimu anapima mwendelezo. Ni kweli, na kwa zoezi hili mlango na mstari lazima vikae. Lakini kikombe kilichohama sentimita chache ili tupate macho yanayosema kweli ni uamuzi unaoweza kuutetea kwenye tafakuri, na mwalimu makini ataufurahia.

Tahadhari mbili:

- Muziki usiwe kiraka. Zima muziki kabisa mpaka sini isimame yenyewe. Na wimbo wa msanii wa Bongo Fleva una mwenyewe. Ukitaka kuionyesha filamu yako nje ya darasa, tafuta ruhusa. Kwa Tanzania, COSOTA ndiyo ofisi ya hakimiliki. Kwa Kenya ni KECOBO.
- Madoido ya kupitisha shoti (kufifia, kuzunguka, kupasuka) hayafichi mkato mbovu. Yanaunyooshea kidole.

## Sasa andika tafakuri

Jedwali lako la mikato limeshafanya kazi kubwa. Chagua mikato mitatu au minne yenye mengi ya kusema, uache mingine. Kwa kila mmoja eleza kinachoonekana, uamuzi uliouzaa, ulichojaribu mezani, na ungebadilisha nini. Bandika fremu yenyewe pembeni.

Linganisha sentensi hizi mbili:

*"Tulikumbana na changamoto nyingi za sauti lakini kwa ushirikiano tulizitatua."*

*"Kwenye sekunde ya 24 mlio wa friji unakatika ghafla, kwa sababu shoti ya Asha ilirekodiwa friji ikiwa imewaka na ya Juma ikiwa imezimwa. Nilitandaza sauti ya chumba yenye friji chini ya shoti zote mbili. Mlio bado upo lakini haukatiki."*

Ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika kamera.

"Nikitaja makosa si nitapunguziwa alama?" Makosa mwalimu ameshayaona; yamo kwenye filamu uliyomkabidhi. Asichokiona ni kama wewe unayaona. Lakini usijipige mijeledi ukurasa mzima. Mkato uliofaulu nao uupe uchunguzi uleule: ulifaulu kwa nini? Kama ni bahati, sema ni bahati, kisha eleza namna ya kuipanga kesho.

Wenzako usiwashtaki. "Mpiga picha alivuka mstari" iandikwe "tulihamisha kamera bila kuangalia mchoro wa chumba". Kama hapakuwa na mchoro, hilo ndilo la kuandika.

## Je, nirudi kurekodi?

Rudi kama shoti moja inakosekana na bila yake hadithi haieleweki. Kama ni kwa ajili ya kuifanya sini iwe nzuri zaidi tu, mara nyingi jibu ni hapana: wakati huo mwigizaji ameshasuka upya au amenyoa, shati limeazimwa na mwenyewe amelichukua, ukuta umepakwa rangi.

Mkirudi, rudini na orodha fupi:

- Mikono, kitasa, miguu ikivuka chumba. Shoti hizi hazionyeshi nywele wala uso, na zinaziba mashimo mengi.
- Fremu za siku ya kwanza kwenye simu, ili mlinganishe pembe, urefu wa kamera na upande wa mwanga kabla ya kubonyeza.
- Saa ileile ya siku ya kwanza, kwa ajili ya dirisha.
- Dakika moja ya ukimya wa chumba, upya, hata kama mnayo ya mwanzo. Chumba cha Jumamosi hakina sauti ya chumba cha Jumanne.